Kompyuta Iliyolilia Jina

Juzi jioni mita ya umeme ilianza kulia pale ukutani jikoni, tii, tii, tii, kama kawaida yake uniti zikikaribia kwisha. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa chapati. Mume wangu akaja na simu yake ili anunue umeme, akanikuta nimesimama mbele ya mita nasema, "Luhende. Masunga. Kwandu." Akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia nataja marehemu. Akanitazama sana, kisha akarudi kuhangaika na simu yake, maana tumeoana siku nyingi na kuna maswali ameshajifunza kutoyauliza.

Si kosa langu jamani. Nimelelewa na Bibi Kabula, mama yake mama, aliyevuka kivuko cha Busisi na kuku mmoja kwapani akija kwetu Mabatini, Mwanza, kukaa siku chache, na siku chache zile zikatosha kunikuza mimi. Kwao Bibi, mtoto mchanga akilia mchana kutwa, titi hataki, homa hana, wazee hawahangaiki. Wanajua analilia jina. Kuna marehemu huko aliko amenuna kwa sababu hakuna mjukuu anayeitwa kwa jina lake. Basi watu wanakaa wanayataja majina ya ukoo moja moja, na likifika lenyewe mtoto ananyamaza na kushika titi. Mdogo wangu wa kiume alilia mpaka jirani akatishia kuhama, lakini alipotajwa Masunga akanyamaza palepale. Mama alisema mtoto alikuwa amechoka tu. Bibi akasema, "Hata Masunga mwenyewe alikuwa hivyo. Akishapata anachotaka, analala."

Ile ilikuwa miaka ya soko huria. Wenzangu mliokulia Mwanza mnakumbuka, sangara wetu walikuwa wanapanda ndege kwenda Ulaya, sisi hata ndege yenyewe tunaiona tumbo lake tu ikipita juu ya mawe ya Ilemela. Minofu ilikwenda kwa wenye nazo, sisi tukabaki na mapanki, yale mafupa yenye vinyama vya kubahatisha, na mji mzima ukanukia mafuta ya kukaangia. Mpaka leo nikisikia harufu ile namkumbuka mama mdogo wangu Milembe, kwa sababu alikuwa karani katika ofisi ya mzee mmoja aliyesafirisha minofu, huko Ilemela kando ya ziwa, na alirudi nyumbani ananukia sabuni ya kuogea na samaki kwa pamoja.

Mama mdogo ndiye aliyekabidhiwa kompyuta ya ofisi. Aliipenda kuliko watu wengine wanavyopenda watoto wao. Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama vile vya kufunikia redio na makochi, na kabla ya kuigusa alifuta kila kibonyezo kwa ncha ya kitambaa hicho. Na humo ndani ya kompyuta, kwa akili yangu ya wakati ule, ndimo alimokaa mchumba wake Renatus.

Renatus alikuwa mwalimu, amepelekwa kusoma nchi ya theluji. Kumpigia simu ilikuwa ni kumaliza mshahara, na barua zilifika habari zake zimeshapitwa. Lakini ofisi ile ilikuwa na laini ya simu iliyounganishwa na kompyuta, na bosi, mtu mwungwana, alimruhusu mama mdogo aitumie saa moja kila Jumamosi asubuhi. Renatus akamwonyesha alipokuja likizo kwamba kuna mchezo. Hauna picha hata moja, ni maandishi matupu: uko langoni, mbele kuna ngazi, kushoto kuna joka limelala. Watu wa dunia nzima wanaingia, kila mtu yuko kwenye mashine yake, wanatembea humo kwa kuandika na wanaongea kwa kuandika. Wenzao walikuwa wanaua joka. Hawa wawili walikutana kisimani.

Tabu ni kwamba kila hatua uiandike kwa Kiingereza, fungua, shuka, pinda, na dakika zinakwenda. Kwa hiyo Renatus alimtegea katika ile programu ya kuingilia mchezo majina ya mkato, na ili asiyasahau akayapa majina ya ukoo wetu. Mama mdogo akiandika "luhende", jina la babu yetu marehemu, programu inamalizia safari nzima yenyewe: inaingia langoni, inashuka ngazi, inalipita joka, inamfikisha kisimani. Akiandika "masunga", inamtoa salama. Bibi alipoelezwa kwamba mumewe ndiye anayeonyesha njia humo ndani, hakushangaa. Alisema hata akiwa hai hakupotea njia, ila ya kurudi nyumbani toka pombeni.

Sasa Bibi na Jumamosi zile. Binti yake kukutana na mwanaume kisimani peke yao? Haiwezekani. Lazima awepo mtu mzima. Lakini huyo mwanaume ni mkwe mtarajiwa, na kwa mila za Bibi mama mkwe hatazamani na mkwe wake uso kwa uso. Kwa hiyo tulikwenda wote watatu, na Bibi akakalia kiti chake ameipa kompyuta mgongo, kanga imemfunika mpaka paji la uso, anatazama dirishani ziwa na rozari mkononi. Mimi nilikuwa nimeanza kusoma, nikawa macho yake. Na kwa kuwa bibi na mjukuu wa kike ni watani, aliniita mke mwenza.

"Mke mwenza, ameshafika?"

"Ameshafika, Bibi. Anasema, 'Shikamoo mama.'"

"Marahaba, baba!" Bibi anaujibu ukuta kwa sauti ya kufika hiyo nchi ya theluji. "Umekula?"

"Mama, hasikii, mpaka niandike," mama mdogo anasema.

"Basi andika upesi, mkwe asione nimemnyamazia."

Mimi sikuwa na shaka kwamba Renatus yumo. Sanduku lile lilinguruma na kupuliza upepo, na huko kwao si ndiko kwenye baridi? Nilikuwa pia nimeshakusanya elimu yangu ya mambo ya wakubwa kutoka bombani Mabatini, na nilijua kwa hakika kwamba mwanaume na mwanamke wakikutana kisimani kila wiki, hakuchukui muda mtoto anapatikana. Nilikuwa nasubiri tu.

Jumamosi moja Renatus akaandika jambo zito. Chuo kimempa kazi abaki hukohuko, na Jumatatu baada ya Jumamosi ijayo anatakiwa kujibu. Akaandika, nami nikamsomea Bibi: "Milembe, ukisema nirudi, narudi. Ukinyamaza, nitaelewa." Mama mdogo akaomba wiki moja ya kufikiri. Unafikiri nini, mtu unampenda mpaka unafuta vibonyezo? Lakini mambo yale kuyasema mbele ya mama yako mzazi, hata kwa kuandika, ilikuwa aibu, na mama mdogo alikuwa mwenye haya kupita kiasi. Wiki ile hakula. Aliunguza mapanki mara mbili, na Bibi, ambaye kwa kawaida angemsema mpaka majirani wasikie, aliyatafuna meusi hivyohivyo bila neno.

Jumamosi ikafika. Mama mdogo akaiwasha kompyuta, akafungua ule mchezo, na wakati laini ya simu inaunganisha, ile milio ya kukwaruza ambayo Bibi alisema kuna mbuzi anachinjwa, akavifuta vibonyezo kama kawaida yake. Ila siku hiyo alikuwa na wasiwasi, akavisugua kama anasugua sufuria.

Kompyuta ikaanza kulia. Tii. Tii. Tii. Maandishi mekundu yakatokea, yanajirudia: hitilafu, mstari wa mwisho. Mama mdogo akaandika "luhende". Mchezo ukajibu kwamba haulielewi neno hilo.

"Inasemaje?" Bibi akauliza ziwa.

"Inasema haimjui Luhende," nikasoma.

"Haimjui Luhende?" Kidogo ageuke. "Mwenye ng'ombe wale? Mwambie aliyesema hivyo atupe jina la baba yake, tuone kama sisi tunamjua!"

Mama mdogo akaandika tena. Wapi. Akajaribu kwenda mwenyewe hatua kwa hatua, lakini njia hakuijua, maana siku zote alipelekwa na marehemu baba yake. Akashuka ngazi, akapinda alipodhani ndipo, joka likamla, akarudishwa langoni. Akaanza upya. Joka likamla tena. Na muda wote ule, tii, tii, tii. Kisimani kule Renatus anasubiri, na saa yao ikiisha bila neno, ataelewa alichosema ataelewa. Nikamwona mama mdogo machozi yanamlengalenga.

Mimi nikafurahi, maana nilikuwa nimeshajua tatizo. "Bibi," nikasema, "mtoto analia."

"Mtoto gani?"

"Wa mama mdogo na Renatus. Amezaliwa. Yumo humo ndani."

Lo! Rozari ikaanguka. "Milembe! Mnafanya nini kisimani hapo mgongoni mwangu?"

"Mama, jamani, hakuna mtoto! Ni kompyuta imepata hitilafu!"

Bibi akatulia, akasikiliza. Tii. Tii. Tii. "Imekula?" akauliza.

"Haili, mama. Inatumia umeme."

"Umeme upo?"

"Upo."

"Ina joto?"

Nikaigusa ubavuni. "Vuguvugu tu, Bibi."

"Basi," Bibi akasema, sauti imeshuka kama ya nesi. "Kitu kimeshiba, hakina homa, kinalia. Kiwe mtoto, kiwe sanduku, kinalilia jina. Huyo Lenatusi amewaita wawili tu, Luhende na Masunga. Wengine mnadhani wamefurahi? Taja, mke mwenza. Anza na Kwandu."

Nikataja Kwandu. Tii. Nikataja Lushinge, Mabula, Nyanzala. Tii, tii, tii. Bibi akachanganya na watakatifu wachache, kwa tahadhari. Tii. Mama mdogo alikuwa amejiinamia kwenye kompyuta anabonyeza hiki na kile, hatusikilizi kabisa. Mwishowe Bibi akaninong'oneza nisogee. Kuna mmoja amebaki, akasema, lakini yeye hawezi kumtaja, ni mama mkwe wake. Jina la mkwe halikai mdomoni. Akanielekeza mpaka nikajua ni nani, yule wa kwenye picha pale nyumbani, aliyeshika jembe.

"Minza!" nikapaza sauti.

Kompyuta ikanyamaza.

Ndugu zanguni, nimeshuhudia mambo mengi tangu hapo, lakini sijasikia kimya kama kile. Bibi akafumba macho. "Nilijua tu," akasema. "Hata alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kusalimiwa na wa kwanza kununa." Mimi nikaweka mdomo karibu na sanduku, nikamkaribisha Minza duniani.

Lakini jina la Luhende bado lilikuwa halifanyi kazi. Mama mdogo aliliandika, mchezo ukakataa. Saa ilikuwa inayoyoma. Hapo akaanza kulia waziwazi, kamasi na yote. "Mama, ataona nimenyamaza. Ataona simtaki."

Bibi akauliza, "Mkwe hayupo hapo?"

"Hayupo. Yuko kisimani, na mimi sifiki."

"Una uhakika hanioni?"

"Hakuoni, mama."

Bibi akainuka, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari zile akaitazama kompyuta. Akaidharau papo hapo, niliona. Akachukua glasi ya maji mezani, akapiga funda, akasema na Luhende maneno machache ya Kisukuma ambayo hayakuwa ya kubembeleza, kisha puuu! Akayapuliza yote juu ya vibonyezo, baraka kamili, kama anavyopuliziwa bibi harusi.

"Mama! Mali ya ofisi!" Mama mdogo akanyakua kitambaa chake cha maua, akafuta, akasugua, akafuta tena, huku analia na kumwomba Mungu asifukuzwe kazi. Halafu, nadhani kwa kukata tamaa tu, akaandika "luhende" mara ya mwisho.

Maandishi yakateremka mbio kama maji ya mvua kwenye mawe ya Mabatini. Lango, ngazi, kushoto, joka nyuma, kisima. Nikasoma kwa sauti: "Renatus yupo hapa."

Bibi akapiga ukelele, akajifunika kanga uso mzima na kurudi kwenye kiti chake kinyumenyume, akagonga meza, akaangusha kikapu cha karatasi. "Mmeniambia hayupo! Amenikuta kichwa wazi!"

"Renatus anasema," nikaendelea, maana kazi ni kazi, "'Milembe, nilidhani huji. Wanafunga chumba cha kompyuta sasa hivi. Niambie.'"

Mama mdogo akaweka vidole juu ya vibonyezo, vikabaki hapohapo. Akatazama mgongo wa mama yake. Bibi hakugeuka, lakini nadhani migongo ya akina mama ina macho, kwa sababu alisema taratibu, "Milembe, mimi sioni huko. Kusoma sijui. Na wewe mke mwenza, funga mdomo wako, njoo hapa tuhesabu ndege." Akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu uso ukielekea ziwani.

Nyuma yetu nikasikia vibonyezo. Vichache tu. Nilikuwa nimetegemea maneno mengi, maana mtu amekaa wiki nzima bila kula. Nikajinyonga shingo, nikachungulia chini ya kwapa la Bibi, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, haujawahi kufungika.

"Ameandika 'Rudi'!" nikapiga kelele. "Bibi, ameandika 'Rudi' tu!"

Bibi akapiga vigelegele palepale, ameukabili ukuta, mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kuna msiba. Na Renatus akajibu: "Narudi. Mwambie mama shikamoo."

"Marahaba, baba! Marahaba!" Bibi akauambia ukuta, na safari hii hakuna aliyemwambia kwamba hasikii.

Renatus akarudi kweli. Ndugu zake walipokuja kuleta posa, wazee wamejaa sebuleni, ng'ombe wanazungumzwa, Bibi yuko chumba cha pili nyuma ya pazia ili asionane na mkwe, mimi nikapita na sinia la karanga. Nikamwuliza Renatus kwa adabu zangu zote, "Shikamoo. Mtoto wenu Minza mmemwacha wapi?" Mshenga akaacha kutafuna. Mjomba mmoja wa upande wao akaanza kutafuta kofia yake. Toka nyuma ya pazia Bibi akanguruma, "Hilo ni jina la kompyuta! Endeleeni na ng'ombe!" Wakaendelea, lakini niliona wanatazamana.

Baada ya harusi Renatus alikaa akatueleza yaliyotokea, kwa utaratibu wa kialimu. Ijumaa ile mama mdogo alikuwa ameongeza jina lake mwenyewe la mkato mwishoni mwa programu. Ndani yake aliweka jibu zima, maneno yote aliyoona haya kuyaandika mbele ya mama yake, ili Jumamosi abonyeze neno moja tu, yaende yenyewe. Akasahau kufunga mabano. Kosa hilo ndilo lililoiliza kompyuta, na ilinyamaza pale alipoufuta mstari wake wote, kwa uchungu, wakati mimi nataja Minza. Na majina ya mkato yalikuwa yamezimwa na kibonyezo kimoja cha safu ya juu, kinachozima ukikibonyeza na kuwasha ukikibonyeza tena. Alikizima mwenyewe kwa kusugua. Akakiwasha mwenyewe kwa kusugua, alipokuwa anakausha yale maji.

Mama mdogo hakutuambia yale maneno aliyoyafuta. Nadhani Renatus aliambiwa baadaye, maana Minza wa kweli alizaliwa, naye alilia sana.

Bibi alikuwa anasikiliza maelezo hayo yote kutoka barazani, ametupa mgongo. Renatus alipomaliza, akamwuliza kwa heshima kama ameelewa sasa kwamba ilikuwa ni kibonyezo tu. Bibi akafikiri. "Nimeelewa, baba. Milembe alifuta, kikawaka," akasema. "Na nani aliyemfanya afute?"

Mwalimu wa nchi ya theluji akaomba aongezewe chai.

Bibi Kabula ametutoka mwezi uliopita. Amelala ng'ambo ya Busisi, na mimi nimerudi kwangu nikapika, nikafua, nikaenda kazini, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikulia. Sikujua kwa nini. Basi juzi pale mbele ya mita nikawataja wote, Lushinge, Mabula, Nyanzala, hata Minza mwenyewe, na mita inalia tu. Jina moja lilikuwa limebaki. Nilikuwa nalikwepa, maana kulitaja kwenye mstari ule ni kukubali kwamba naye sasa yumo.

"Kabula," nikasema.

Mita ikanyamaza.

"Umeme umeingia," mume wangu akasema pembeni yangu, kidole bado kiko juu ya mita, kwenye namba ya mwisho ya ule umeme alionunua.

Nikamgeukia. "Na nani aliyekufanya ubonyeze?"

Nami nikakaa chini palepale jikoni, na unga wangu mikononi, nikamlilia bibi yangu.